Tundu Moja Katika Kabichi ya Taifa

Nchi hiyo ina jina, ila sheria inataka kila anayelitaja asimame wima, avue kofia na kukohoa mara moja kwa heshima. Kwa kuwa hadithi hii itasomwa na watu waliokaa, na wengine wakiwa wamelala chali kabisa, jina tumeliacha. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, na kwamba kiongozi wake, Mtukufu Baba wa Mimea Yote, anapendwa na asilimia mia moja na nne ya wananchi, hizo nne zikiwa za watoto ambao hawajazaliwa ila wamekwisha kujiandikisha.

Mtukufu aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni sumu, na hata maji hakuyanywa kabla mwonjaji hajayatangulia. Siku moja daktari wake, katika kumchangamsha, alimwambia kuwa dawa inayomuua mdudu wa mboga haioni sababu ya kumhurumia mla mboga. Mtukufu hakuchangamka. Kesho yake redio ikatangaza kwamba dawa zote za viwandani za kuulia wadudu ni marufuku, mabomba ya kupulizia yasalimishwe kituo cha polisi pamoja na bunduki, na mboga zote nchini zilindwe kwa njia za asili.

Lilikuwa, lazima tukiri, agizo la busara. Taabu ilianza saa moja baadaye, redio iliposoma kifungu cha pili: kwa kuwa njia za asili sasa ni za Mtukufu, na mambo ya Mtukufu hayashindwi, jani lolote litakaloonekana na tundu litahesabiwa kuwa ni maoni.

Na maoni, katika nchi ile, yalikuwa na adhabu yake.

*

Bi Kidawa aliirithi bustani ya Ikulu kutoka kwa mumewe, ingawa mumewe hakuwa amekufa.

Mzee Mshangama alikuwa mtunza bustani kwa miaka ishirini na sita, mtu mpole mwenye kucha nyeusi kwa udongo, aliyeisemesha miche kwa ile sauti ambayo wengine huiweka kwa ajili ya wakwe. Asubuhi moja Mkaguzi Mkuu wa Majani, Mheshimiwa Tibursi Nyenyembe, alipita na kioo chake cha kukuzia akaona tundu kwenye kabichi, dogo kama punje ya ulezi. Jani likachumwa, likatiwa kwenye bahasha, likapewa namba. Mzee Mshangama naye akachukuliwa, akapewa namba. Wakafikishwa mahakamani siku moja, na jani ndilo lililopewa kiti.

Hakimu alitaka kujua jambo moja. "Nani alitoboa?"

"Kiwavi, Mheshimiwa."

"Kiwavi yupi?"

"Wako wengi, Mheshimiwa."

"Kumbe ni kundi!" Hakimu akaandika haraka. "Majina yao?"

"Mimi, Mheshimiwa, simjui mdudu hata mmoja."

Kwa jibu hilo alipelekwa Nyumba ya Mapumziko, jengo jeupe juu ya kilima, ambalo hakuna aliyewahi kutoka humo akiwa amepumzika. Kila siku baada ya uji aliulizwa swali lile lile. Kila mwezi aliruhusiwa kumwandikia mkewe mistari mitatu, na kila mwezi mistari ilikuwa ile ile: "Hujambo, Mama Semeni. Bado simjui mdudu hata mmoja. Kamba ya mlimau isilegee."

Miezi kumi na moja ilipita hivyo. Kisha ikaja barua yenye mhuri wa kijani. Siku ya Jani Kuu, mbele ya mabalozi na kamera, Mtukufu angechuma kabichi katika bustani ya Ikulu na kula jani bichi kwa kinywa chake mwenyewe. Iwapo kabichi zote arobaini zingekutwa hazina tundu, faili la Mzee Mshangama lingefunguliwa, naye angetoka. Likionekana tundu hata moja, faili lingefungwa, na Bi Kidawa angefungwa pamoja nalo.

Aliisoma barua mara nne, akaibandika nyuma ya mlango, akaenda kumwagilia.

*

Bi Kidawa hakuwa na uchawi wowote. Alipanda vitunguu katikati ya matuta, maana nondo, wale vipepeo wanaozaa viwavi, hawaupendi ule mnuko. Alinyunyiza majivu kuzunguka mashina. Alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka kwenye ndoo mpaka maji yakawa machungu, akayarashia kwa ufagio wa chelewa. Mwarobaini haukuhesabiwa kuwa sumu kwa tafsiri ya Ikulu, kwa sababu Mtukufu aliwahi kuogeshwa maji yake alipougua surua, na akapona, akatawala. Chini ya vigae vya mitungi iliyovunjika aliwafuga vyura, ambao mchana walilala na jioni wakatoka kula walichokikuta.

Lakini jeshi lake hasa lilikuwa majimoto, wale chungu wekundu wa kwenye michungwa wanaoshona majani kuwa nyumba, na ambao wakikuuma unaelewa mara moja kwa nini wakaitwa hivyo. Mzee Mshangama ndiye aliyefunga kamba za katani kutoka kila mti mpaka kwenye matuta. Majimoto walipita juu ya kamba, wakashuka, wakaipekua kila kabichi shavu kwa shavu, yaani jani kwa jani. Wakimkuta kiwavi hawamuulizi jina. Wanamshika huku na huku, wanampandisha mtini kama wanafunzi wanaobeba godoro la mwenzao aliyehamishwa bweni, na habari yake inaishia hapo.

Ilikuwa kazi nzuri, na kwa kuwa ilikuwa nzuri serikali ikaamua kuisaidia.

Kwanza Mkaguzi Mkuu Nyenyembe alikuja na makarani sita kuwaandikisha vyura. Kila chura aliapishwa, akapewa cheo, na mkubwa wao akawa Afisa Mwandamizi Daraja la Pili. Alikojoa kwenye kitabu cha viapo, na karani akaandika kuwa ametia saini. Kisha likaja suala la majimoto.

"Hawa wanakusanyika zaidi ya watano bila kibali," alisema Nyenyembe, akisimama mbali kidogo. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na shingoni alining'iniza kile kioo kama daktari wa majani. "Tena wanajenga. Ramani ya jengo iko wapi?"

"Mheshimiwa, ni chungu."

"Mtu hawi nje ya sheria kwa kuwa mdogo, mama. Na hii kamba je?" Alionyesha kamba iliyotoka kwenye mlimau wa pembeni, ikavuka njia ya mchanga, ikaingia tuta la mwisho. "Mtukufu hupita njia hii akinyoosha miguu. Kwa hiyo wadudu wanatembea juu ya kichwa cha nani?"

Hakukuwa na jibu ambalo lisingekuwa maoni.

"Kata," Nyenyembe akaamuru, na askari akakata.

Ilikuwa kamba ile ile ambayo Mzee Mshangama aliiulizia kila mwezi. Bi Kidawa aliikunja, akaiweka ndani ya kanga yake. Matuta yote yalikuwa na kamba za michungwa, kwa hiyo hayakudhurika. Iliyodhurika ilikuwa kabichi moja tu, iliyojiotea peke yake chini ya mlimau, nje ya tuta, na nje ya hesabu, ambayo majimoto waliifikia kwa kamba hiyo tu. Makarani walikuwa wamehesabu arobaini, wakapiga mhuri. Hii ilikuwa ya arobaini na moja. Kuing'oa ilikuwa ni kuharibu mali ya serikali, na kuitangaza ilikuwa ni kusema serikali haijui kuhesabu. Bi Kidawa akaifunika kwa kikapu kilichotoboka, akajifanya haijui.

*

Ikabaki siku moja kabla ya Siku ya Jani Kuu. Bi Kidawa aliamka akazunguka matuta yote, akafunua shavu kwa shavu. Hakuna tundu. Alizunguka tena. Hakuna.

Saa sita mchana ikapigwa tarumbeta: wafanyakazi wote wa Ikulu uwanjani, mazoezi ya wimbo wa taifa. Wimbo huo una beti kumi na saba, na unapopigwa hairuhusiwi kusogeza mkono, mguu wala jicho. Aliyewahi kupiga chafya kwenye ubeti wa tisa alihamishiwa mkoa ambao haumo kwenye ramani. Bi Kidawa akasimama juani na wenzake beti zote kumi na saba, kisha wakarudia, kwa sababu mpiga ngoma alikosea na hakuna aliyethubutu kumwonyesha kwa kidole.

Aliporudi bustanini saa nane, kulikuwa kimya. Bustani yenye afya haikai kimya, hata mchana. Aliona kwanza kamba. Zilikuwa tupu. Chini ya kamba, juu ya udongo, majimoto walilala chali kwa mamia, miguu ikiwa imekunjwa. Afisa Mwandamizi Daraja la Pili alikuwa amejinyoosha mbele ya kigae chake, tumbo jeupe likitazama juu, amefia kazini. Kabichi zote arobaini ziling'aa kwa majimaji, na hewa ilinuka kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na pipi.

Mkaguzi Mkuu alikuwa kwenye bomba la maji ananawa mikono. Nyuma yake, chini ya turubai, ilitokeza pua ya bomba la kupulizia, na kwenye mkanda wa bomba hilo bado kulikuwa na karatasi ya kituo cha polisi lilikosalimishwa.

"Nimemwagilia kidogo," alisema.

"Maji gani hayo yenye povu, Mheshimiwa?"

"Maji ya kisasa." Alijikausha kwa leso. "Asubuhi nilipita, nikaona kiwavi. Mmoja! Kwenye tuta la tatu. Wewe unalala usingizi, Bi Kidawa, mimi ndiye ninayekula kiapo kwamba hakuna tundu. Likitokea kesho nitasimama wapi?"

"Majimoto wangemwondoa kabla hujamaliza kukunja kioo chako."

"Wangemwondoa, wangemwondoa! Mimi siwezi kumwandikia Mtukufu ripoti yenye neno 'wangemwondoa'."

"Mheshimiwa, Mtukufu kesho atalila jani. Bichi. Mbele za watu."

Nyenyembe aliacha kujikausha. Ilionekana dhahiri kwamba alikuwa amelifikiria tundu tu, na kwamba kinywa cha Mtukufu hakikuwahi kumpitia akilini. Uso wake ukawa na rangi ya uji wa shule. Lakini hakuwa amefika cheo kile kwa kukubali mambo.

"Ataonja kidogo," alisema taratibu. "Kwa ajili ya picha. Na wewe mumeo unataka atoke, hutaki?"

"Nataka."

"Basi wewe hukuona kitu. Na mimi sikuwapo. Kabichi hizi sasa zina lakiri, hakuna wa kuzigusa wala kuziosha." Akamwita askari asimame kwenye matuta. "Likijulikana la kujulikana, mtunza bustani ni nani hapa?"

*

Siku ya Jani Kuu ilipambazuka na mawingu mepesi. Mabalozi waliketi kwenye viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Brasbendi ilipiga. Mtukufu akaingia kwa mwendo wa pole, amevaa suti ya kijani na kofia iliyochomekwa jani la dhahabu, huku wapambe wawili wakipuliza njia mbele yake isije ikawa na vumbi.

Nyenyembe alisoma ripoti. Kabichi arobaini, mashavu mia tisa na sitini, matundu sifuri. Makofi. Akaongeza kuwa hilo limewezekana kwa njia za asili peke yake, na hapo sauti yake nyembamba ikakatika kidogo, naye akaisingizia furaha.

Bi Kidawa alisimama kando ya tuta la kwanza na kisu cha kuchumia. Kichwani mwake alikuwa amekwisha kupita kila njia, na kila njia iliishia kwenye lile jengo jeupe. Akinyamaza, Mtukufu atakula, ataugua au zaidi ya kuugua, na mtunza bustani ni nani hapa? Akisema kuna sumu, nani kaitia? Mtunza bustani. Vyovyote vile Mzee Mshangama angeendelea kunywa uji wake na kuulizwa swali lake. Ndani ya kanga, kiunoni, ile kamba iliyokunjwa ilimbana kama mkono wa mtu.

Mtukufu akachagua kabichi kubwa kuliko zote. Akabandua shavu la juu, akaliinua kwenye kamera. Liling'aa. Hata balozi mmoja alisema, "Ah!"

Likakaribia mdomo.

"Mtukufu," Bi Kidawa alisema, "hilo halijaonjwa."

Brasbendi ilisita. Mpambe mmoja alishika kiuno upande wa bastola. Lakini jani lilikuwa limesimama hewani, nusu shibiri kutoka kwenye meno ya Mtukufu, kwa kuwa kati ya maneno yote ya lugha yetu hilo ndilo lililojua njia ya kufika masikioni mwake.

"Limesemaje, hili limama?" aliuliza Mtukufu.

"Nimesema halijaonjwa, baba. Miaka yote Mtukufu hajala kitu ambacho mwenye uhai mwingine hajakitangulia. Hata maji. Leo anataka kuanza na hili?"

Mtukufu alilitazama jani kama anayekutana nalo kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka. "Nyenyembe."

"Naam, Mtukufu."

"Onja."

Wote walimwangalia Mkaguzi Mkuu. Jasho lilimtoka kwenye paji, likateremka kwenye kioo cha kukuzia, nalo likaonekana kubwa sana.

"Mtukufu, leo ni Jumanne."

"Naiona ni Jumanne."

"Mimi Jumanne sili cha kijani. Ni nadhiri. Ya mama."

"Mama yako nilimzika mimi, kwa gharama ya taifa," alisema Mtukufu polepole, "na alikuwa anauza mchicha."

Mtukufu aliliweka jani mezani kwa ncha za vidole, akaifuta mikono kwa koti la mpambe. Mabalozi walianza kunong'onezana, na kamera zilikuwa bado zinatazama. Siku kuu bila jani lililoliwa ingekuwa aibu, na aibu katika nchi ile hutafutiwa mwenyewe. Macho ya Mtukufu yalianza kuzunguka, yakimtafuta, na yalipomfikia Bi Kidawa yakatulia.

Bi Kidawa alikuwa ameshaanza kutembea. Alivuka njia ya mchanga, akaenda chini ya mlimau, akainua kikapu kilichotoboka. Akarudi na kabichi ya arobaini na moja mikononi, vumbi likiwa bado kwenye mizizi. Kwenye shavu la juu kulikuwa na tundu, la mviringo, kubwa kama kifungo cha shati. Ukingoni mwa tundu, kiwavi wa kijani alikuwa anaendelea na chakula.

Kulisikika pumzi zikivutwa, safu kwa safu.

"Tundu," alinong'ona Nyenyembe, na matumaini yakamrudia usoni. "Mtukufu, tundu! Mkamateni!"

"Hili limeonjwa," Bi Kidawa alisema. "Kiwavi ameonja tangu juzi. Huyu hapa, yu hai, anatembea, tumbo halimuumi. Wangapi katika wanaomwonjea Mtukufu wanaweza kula siku mbili mfululizo na wasitoe neno?"

Mtukufu aliinama. Akaomba kioo, kikavuliwa shingoni mwa Nyenyembe. Akamtazama kiwavi kwa muda ambao kila mtu uwanjani aliona ni wa beti kumi na saba. Kiwavi akatafuna. Mtukufu akatazama lile jani lililong'aa mezani, ambalo hata nzi walikuwa wamelikwepa. Kisha akabandua shavu lenye tundu, akamsogeza mwonjaji kando kwa upole, akauma.

Akatafuna. Akameza. Akasubiri.

"Tamu," alisema.

Makofi yaliyopigwa siku hiyo yalisikika mpaka kilimani.

Alipoulizwa anataka nini, Bi Kidawa hakufikiri. "Mume wangu, Mtukufu. Yuko Nyumba ya Mapumziko miezi kumi na moja kwa tundu dogo kuliko hilo."

"Nani alimfunga mtu aliyeniwekea mwonjaji?" Mtukufu alinguruma.

Nyenyembe alipiga magoti haraka mno kwa mtu wa unene wake. Akaeleza kwamba yote yalikuwa jaribio. Kwamba alikuwa akiupima uaminifu wa Bi Kidawa, na sasa, kwa furaha, anatoa taarifa kuwa amefaulu. Mtukufu alimtazama, akaguswa. Kabla ya chakula cha mchana Nyenyembe alikuwa Waziri wa Matundu.

*

Redio ikatangaza sheria mpya: jani lisilo na tundu ni jani linaloficha jambo. Wiki ile wachuuzi wa sokoni walionekana wakitoboa mchicha kwa zile mashine za kutobolea karatasi za ofisini, na aliyekutwa na kabichi nzima alijitetea kwa machozi.

Mzee Mshangama akatolewa. Hakimu ni yule yule, jani kwenye bahasha ni lile lile, na hukumu ni ile ile, ila neno "haini" lilifutwa kwa kalamu na juu yake kukaandikwa "mzalendo". Alirudi nyumbani kwa miguu, amekonda, shati likimning'inia kama limeanikwa.

"Mama Semeni."

"Baba Semeni." Alitaka kusema mengi, akasema, "Kamba waliikata."

"Iko wapi?"

Akaitoa kwenye kanga. Mzee Mshangama aliipapasa mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma barua, ndipo akakaa chini akalia.

Amani yao ilidumu siku nne. Siku ya tano Waziri wa Matundu alikuja bustanini na makarani. Mtukufu alitaka kumtunuku nishani yule kiwavi wa kwanza, mwasisi, aliyetoboa jani la kwanza kabisa, lile la mahakamani.

"Kwa hiyo, mzee," alisema Nyenyembe akifungua daftari, "nani alitoboa?"

Bi Kidawa alimwona mumewe akishika ukuta.

"Mheshimiwa," Mzee Mshangama alisema, "kiwavi haishi mwaka. Yule alishageuka nondo, na nondo akafa zamani."

"Niandike kwamba mwasisi amekufa na hukutoa taarifa?"

Bi Kidawa aliingia kati. Aliinama kwenye tuta, akaokota kiwavi wa kwanza aliyemkuta, akamweka kwenye daftari. "Huyu hapa. Nimemjua kwa mwendo."

Kiwavi akaandikishwa. Kisha Nyenyembe akasoma masharti, na kila sharti lilishuka kama tofali. Shujaa angetunukiwa Ijumaa, chini ya mlimau ule ule. Mara tu wimbo wa taifa utakapokwisha angekabidhiwa kwa Mzee Mshangama kwa saini, amtunze maisha yote. Akipotea, akipungua uzito au akibadilika umbo mikononi mwa mtunzaji, mtunzaji angerudi kilimani, safari hii bila mistari mitatu.

Walipobaki peke yao, Bi Kidawa alisema, "Baada ya wiki mbili atajifunga uzi. Atakuwa nondo, ataruka."

"Najua."

"Basi tumekwisha."

"Mpaka wimbo wa taifa uishe," alisema Mzee Mshangama, "hajawa wangu."

Alichukua kamba akatoka.

*

Ijumaa watu walijaa. Kiwavi aliwekwa juu ya mto wa mahameli mwekundu, kwenye meza ndefu chini ya mlimau, na kando yake nishani iliyomzidi ukubwa mara tatu. Mtukufu alihutubia kwa saa nzima kuhusu meno madogo na mapenzi makubwa. Fomu ya makabidhiano ilikuwa tayari, kalamu juu yake. Bi Kidawa aliitazama ile kalamu mpaka macho yakamuuma.

Brasbendi ikaanza. Watu wote wakakakamaa.

Ilikuwa kwenye ubeti wa pili Bi Kidawa alipoiona. Kamba ya katani, ile yake, ilitoka kwenye tawi la chini la mlimau, ikateremka nyuma ya shina, ikapita chini ya kitambaa cha meza na kuibukia kwenye kona ya mto. Mlimau ule ndio mti pekee ambao majimoto wake hawakuuawa na bomba la Nyenyembe, kwa sababu kamba yake ya kuwapeleka matutani ilikuwa imekatwa kisheria.

Majimoto wa kwanza alishuka ubeti wa nne. Akasimama ukingoni mwa mahameli, akapunga vipapasio, akarudi. Ubeti wa sita wakaja kumi. Ubeti wa nane hawakuhesabika.

Waziri wa Matundu aliwaona. Mishipa ya shingo ilimvimba, lakini hakusogea, maana aliyeandika kifungu cha kutosogea ni yeye. Mabalozi waliona. Wapambe waliona. Mtukufu mwenyewe, mkono kifuani, hatua mbili kutoka mezani, aliona vizuri kuliko wote, na jicho lake moja likaanza kutoa machozi kwa kukatazwa kupepesa.

Shujaa alijaribu kujikunja. Walimshika huku na huku, wakamwinua. Utepe wa nishani ulimnasa, wakauvuta nao kidogo, kisha wakauacha. Ubeti wa kumi na mbili alikuwa kwenye kamba. Ubeti wa kumi na nne alikuwa kwenye shina, akipanda mgongo chini, mbele ya taifa zima lililosimama wima kwa heshima. Ubeti wa kumi na sita akaingia kwenye nyumba ya majani yaliyoshonwa, na mlango ukafungwa.

Ubeti wa kumi na saba ukaisha. Kiongozi wa bendi aliutazama mto mtupu, akamtazama Mtukufu, akaanza upya kutoka wa kwanza.

Walipiga mara tatu. Mwishowe midomo ya wapiga tarumbeta ikavimba, kimya kikatanda, na kila mtu akamsubiri mwenzake awe wa kwanza kuona. Nyenyembe alikohoa. Akachukua fomu ya makabidhiano, akaandika juu yake, akasoma kwa sauti nyembamba kuliko zote alizowahi kutoa:

"Shujaa ameteuliwa kushika majukumu mengine, ngazi ya juu."

"Nilimteua mimi," alisema Mtukufu upesi.

Makofi. Fomu ikachanwa, kwa kuwa hakukuwa na cha kukabidhi.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, mkono kwa mkono, Bi Kidawa alingoja mpaka askari wa mwisho alipobaki nyuma.

"Baba Semeni, wale majimoto. Uliwaambia nini?"

Mzee Mshangama alizikung'uta nyuzi za katani kwenye kiganja chake.

"Mimi?" alisema. "Mimi simjui mdudu hata mmoja."